Nilipozungushiwa Masale

Ugonjwa wangu ulinipata Same, chini, mara ya kwanza nilipoteremka mlimani nikiwa mke wa mtu. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, vita vya pili vimekwisha, na mume wangu alikuwa mpasua mbao. Alikuwa na mbao za kumpelekea Mhindi mmoja mwenye duka karibu na stesheni, akanichukua nami nikachague kitambaa na nilione gari moshi. Nilikuwa na hamu kweli. Sisi tuliozaliwa juu tulizoea kuiona nchi vipandevipande: mgongo wa mlima huu, bonde, mgongo mwingine, na katikati migomba. Ukitazama popote, macho yanagonga kitu. Kule chini hayakugonga kitu. Tambarare ilikwenda tu na miiba yake na vumbi lake, mpaka ikawa mbingu, wala sikuona mahali pa kusema hapa ndipo inapoishia.

Nilikuwa nimesimama kando ya reli. Moyo ukaanza kupiga mbio, vidole vikafa ganzi, miguu ikawa si yangu. Nilijua kabisa kwamba nakufa. Nikamkamata mume wangu shati, nikachuchumaa, nikajifunika khanga kichwani mbele ya makuli wa stesheni, ambao walicheka mpaka wakashika mbavu. Gari moshi lilipita hapo hapo nilipokuwa nimejifunika. Nililisikia, sikuliona.

Tulipopanda na kufika kwenye migomba ya kwanza, nikapona. Nikajiambia basi, ubaya ni wa Same, nami Same sina ndugu, sitakwenda tena. Nilidhani nimeiacha hofu kule chini kwenye vumbi. Kumbe ilipanda nami. Mwezi haukupita ikanikuta gulioni, katikati ya watu ninaowajua kwa majina ya babu zao. Kisha ikanikuta kanisani, nimekaa benchi la mbali na mlango. Kisha kisimani. Kila iliponikuta, mahali hapo nilipaacha, na kila nilipopaacha mahali pamoja, ilihamia panaponikaribia zaidi. Mwisho nilibaki na nyumba, na kizingiti, na kipande kidogo cha ua.

Watu wakitaka kujua niliogopa nini, siwezi kuwatajia mnyama wala mtu. Niliogopa wazo. Lilikuwa wazo fupi tu: utaanguka. Nikilikubali hilo, linakuja la pili: utaanguka na hakuna wa kukuinua. Halafu: watakusimamia wakutazame. Halafu: utakufa ukitazamwa. Lilisema kwa sauti yangu mwenyewe, kwa Chasu, lugha yetu Wapare, taratibu, kama mtu anayemshauri mdogo wake, na ndiyo maana nililiamini. Siku za ukungu lilinyamaza. Ukungu ukiteremka mpaka huoni mgomba wa jirani, nilitoka nikapalilia, nikaimba hata. Jua likitoboa, narudi ndani mbio. Majirani wakasema huyu mwanamke anatembea na ukungu, na wengine wakaacha kuomba moto kwetu.

Dresa wa zahanati alikuja akanisikiliza kifua, akasema damu ni chache, akaniachia dawa nyeusi chungu. Mzee wa kanisa alisema ni upungufu wa imani. Wazee wa ukoo walisema ni mizimu inataka kitu. Kila mmoja alinipa alichokuwa nacho, nami nikakinywa, nikakisali, nikakichinjia kuku. Nikabaki vilevile.

Mume wangu alinibebea kazi zangu. Alikuwa mtu mwema; nasema hivyo sasa nikiwa mzee na sina sababu ya kumpamba. Alianza kwa kwenda gulioni badala yangu. Kisha akaenda kuchota maji, mwanamume mzima na debe begani, na wanawake kisimani wakimpigia vigelegele vya dhihaka. Msumeno wa mbao huvutwa na watu wawili, mmoja juu ya gogo na mmoja chini shimoni, na kazi yenyewe iko msituni kwa siku nyingi. Akamwambia mwenzake atafute mtu mwingine. Msumeno ukaegemezwa ukutani ukaota kutu. "Wewe pumzika," aliniambia. "Kuna kitu gani huko nje ambacho mimi siwezi kukuletea?" Nilimpenda sana kwa maneno hayo. Na kila aliponiletea kitu, nilikuwa na sababu moja pungufu ya kutoka.

Kilichokuwa huko nje, ambacho hakuweza kukileta, kilikuwa mama yangu. Alikuwa Vudee, ng'ambo ya mlima, mjane, na miguu ilikuwa imekwisha kumkatalia njia. Alipoanza kuumwa, mume wangu alikwenda kumjulia hali na mkungu wa ndizi na salamu zangu. Akarudi na salamu zake. Akaenda tena, na tena. "Anasema hajambo kidogo," aliniambia. "Nimemwambia utakuja mvua zikipungua." Mvua zilipungua. Nikafika kizingitini na khanga ya safari, nikarudi kuivua.

Ndipo mume wangu alipokosea, na ni kosa ambalo Mpare peke yake angeweza kulikosea. Aliona kwamba hata kile kipande cha ua kinaanza kunishinda, hasa upande ulioelekea bondeni. Akaenda mtoni akakata masale, yale majani marefu ya kijani ambayo hushika udongo popote utakapoyachomeka, akayapanda kwa duara mbele ya mlango, karibu-karibu, katikati akaacha nafasi ya kuweka jiko na kigoda. "Hapa nako ni ndani," aliniambia, mikono ikiwa na tope na uso umejaa furaha. Nikaketi mle nikamenya ndizi. Nilijisikia salama, na hilo likaniogofya baadaye kuliko yote.

Huku kwetu masale hupandwa mahali pawili. Hupandwa mpakani, na ole wake atakayeyang'oa. Na hupandwa kaburini.

Mama mkwe alikuwa hajatukanyagia kwa miezi. Alikuwa kwa binti yake aliyejifungua. Aliporudi akapanda kuja kutusalimu, akafika uani, akaniona nimeketi katikati ya duara lile na kisu mkononi. Alipiga ukunga ambao uliwatoa majirani mashambani.

"Mwanangu!" alimwita mume wangu. "Umefanya nini? Umemzika mkeo anapumua?"

"Nimempandia uzio, mama."

"Uzio gani? Duara la masale na mtu katikati, unaita uzio?"

Mume wangu alitazama kazi yake, na nikaona uso wake ukiiva na kupauka. Hakuwa ameliona hata kidogo. Alikuwa amefikiria tu kijani na kivuli. Akashika sale moja ang'oe, mama yake akampiga mkono. Sale lililokwisha kushika halichezewi. Hakuna aliyethubutu, hata wale majirani waliokuja kushangaa. Mama mkwe akanigeukia mimi. "Hayang'olewi," alisema. "Kwa hiyo aliye ndani atatoka mwenyewe."

Sitaki mtu adhani mama mkwe alikuwa na huruma. Alikuwa na hasira. Alikuwa amechoka kusikia mwanawe akiimbiwa kisimani, na sasa akaongezewa kisirani cha kaburi mlangoni. Kesho yake asubuhi akaja na ungo wa maharage, akaweka kigoda nje ya masale, penye mgomba wa mshale, ule wa ndizi za kupika, akaanza kupukuchua na kunisema kwa sauti kubwa. Mvivu. Mtoto wa mama. Mke wa kuwekwa kabatini. Nami nina mdomo, tangu utotoni ninao. Nikajibu. Akajifanya hasikii vizuri. "Njoo unitukanie hapa karibu," alisema, "mimi ni mzee." Nikavuka duara kwa hasira, nikasimama mbele yake, na hapo hofu ikanikumbuka.

"Mama, nakufa," nilisema.

"Kufa tu, nipo."

Nikashika mgomba. Moyo ulikimbia, jasho likanitoka, nikayumba. Yeye aliendelea na maharage yake. Nikangoja kufa. Kungoja kulichukua muda mrefu, na katikati ya kungoja nikagundua kwamba moyo umechoka kukimbia na mimi bado nimesimama.

"Umekufa?" aliuliza.

"Sijafa."

"Basi shika ungo."

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila asubuhi alisogeza kigoda mbele kidogo: kutoka penye mgomba ule hadi penye mbuni wa kwanza wa kahawa, kutoka mbuni wa kwanza hadi kwenye jiwe la kunolea. Kila asubuhi wazo lilisema leo ndiyo leo, nami nikamwambia mama mkwe, naye akajibu kwamba jana pia nilisema hivyo, na juzi, na kwamba mtu anayeahidi kufa kila siku na hafi ni mwongo. Nilimchukia. Nililala nikitunga maneno ya kumwambia. Lakini kulipokucha nilikuwa nimeanza kulitilia shaka lile wazo, kidogo tu, kama unavyomtilia shaka mtu uliyemkuta akidanganya mara moja. Mume wangu hakuruhusiwa kuwapo. Mama yake alimtafutia kazi za upande wa pili wa shamba, kwani alipokuwapo nilimtazama yeye usoni, nikaona amekwisha kuogopa kwa ajili yangu, nami nikarudi ndani.

Zamu yetu ya maji ikafika. Juu ya kijiji kulikuwa na ndiva, bwawa la udongo ambalo hujazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, na maji hufuata mfereji kupita mashamba ya watu mpaka yafike kwa mwenye zamu. Kazi ni kuyafuata. Unatembea sambamba na kichwa cha maji, jembe mkononi, unaziba matundu, na hasa unawaonyesha walioko njiani kwamba mwenye maji yupo. Ukiyaacha, hayatafika. Mama mkwe alinipandisha mpaka ndiva tukiwa wawili, mimi nimeinamisha macho. Akalizibua. Kisha akakaa chini, akasema goti lake limekataa.

"Nenda nayo," alisema.

"Peke yangu?"

"Hayo maji ni mtu? Nenda nayo."

Maji kwenye mfereji mkavu hayaendi mbio. Yanafika penye ufa yanasimama, yananywewa na udongo, yanajaa, yanasogea tena. Nami ilinibidi nisimame nayo. Mfereji ulizunguka ubavu wa mlima, na upande wa kushoto nchi yote ilikuwa wazi, chini kabisa tambarare, nyeupe kwa jua. Palepale pabaya zaidi, maji yakakuta shimo la panya yakasimama. Wazo likaja na jamaa zake wote: utaanguka, hakuna wa kukuinua. Nikataka kutupa jembe. Mbele yangu, penye mchepuko wa maji wa shamba lake, alisimama jirani mmoja ambaye alikuwa ameacha kuomba moto kwetu. Ameshika jembe lake, anatazama maji, ananitazama mimi, anangoja. Alijua habari zangu. Alikuwa amekuja mahsusi kwa sababu ya habari zangu.

Hasira iliyonipanda sijaipata tena maishani. Nikaziba lile shimo la panya kwa tope na kisigino, machozi yananitoka, nikamwambia, "Shikamoo dada. Maji haya yana mwenyewe." Hakuitikia marahaba. Akatoa jembe lake njiani. Maji yakasogea, nikasogea nayo.

Mume wangu alinikuta karibu na shamba letu. Alikuwa ameambiwa, amekuja mbio mpaka anahema. "Nipe jembe," alisema.

"Niache, nimeshafika."

"Nipe, mke wangu. Umechoka."

Nilimkatalia. Nilifungulia maji shambani kwa mkono wangu, nikayatazama yakiingia chini ya migomba, nikageuka nicheke naye. Hakuwa akicheka. Alikuwa amesimama mikono mitupu. Chakula cha jioni hakukimaliza. "Ungenisubiri," alisema. Nikamwambia nimeweza. "Nimeona kwamba umeweza," akajibu, akatoka kwenda kuangalia mbuzi ambao alikuwa amekwisha kuwafunga. Niliumia sana. Nilidhani furaha ile ilikuwa yetu sote.

Nilimuuliza mama yake. Aliweka ungo chini. Kisha akaniambia kwamba katika vita vya kwanza baba mkwe alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, akateremka kwenda Same na wenzake, na ndiyo ikawa basi. Mume wangu alikuwa mtoto mdogo. Tangu siku hiyo mama mkwe hakuweza kwenda hata gulioni bila mtoto kumng'ang'ania nguo. "Akaacha alipobalehe," alisema. "Nilidhani amepona."

Tangu hapo niliishi na mwenzangu kwa macho mengine. Niliona kwamba katika nyumba yetu mlikuwa na hofu mbili, na zilikuwa zimeoana kama sisi. Yangu ilisema, nikitoka nitakufa. Yake ilisema, akitoka hatarudi. Yangu ilipopungua, yake ikapanda. Akaanza kuniletea habari za chui aliyeonekana njiani, za mto uliofurika. Wala hakuwa akisema uongo kwa makusudi, aliyaona kweli. Nilimhurumia, na nilitaka kumpiga.

Kisha kaka yangu akaja kutoka Vudee. Hakuingia hata kunywa maji. "Mama amezidiwa," alisema. Nikauliza kama ananitaja. Akatazama pembeni. "Zamani alikuulizia kila siku. Sasa hakuulizii tena. Tukimwambia hujambo, anaitikia kwa kichwa tu."

Niliona hiyo ni adhabu yangu, kwamba mama amekasirika amenifuta. Nikafunga mzigo asubuhi ile ile. Mume wangu akaubeba, akanisindikiza mpaka juu penye mgongo wa mlima, mahali ambapo migomba inakoma na malisho yanaanza. Hapo akasimama. Nikanyoosha mkono nipewe mzigo. Hakunipa. Aliushika kwa mikono miwili kifuani na kunitazama, na nilijua kwamba nikisema neno moja la upole tutarudi wote nyumbani. Sikusema. Nikauacha mzigo, nikaenda mikono mitupu.

Yale malisho nayakumbuka mpaka leo, miguuni zaidi kuliko machoni. Hapana mti. Katikati yake nilikaa chini, kwani nilikuwa nakufa tena, na safari hii hapakuwa na wa kuniuliza kama nimekwisha. Nikajiuliza mwenyewe, kwa sauti, na nikajijibu. Nikanyanyuka.

Nilifika alasiri. Kaka yangu, ambaye alikuwa ametangulia, alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Mlango wa mama ulikuwa wazi. Nikaingia, nikapiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo mama."

Hakuitikia. Alinitazama kwa muda mrefu, kuanzia kichwani, bila kushangaa.

"Umekuja kunichukua," alisema.

"Nimekuja kukuona, mama."

"Ngoja kidogo. Kaka yako yuko kwenye majani. Nimuage kwanza."

Nilikuwa sijaelewa. Nikauchukua mkono wake nikauweka shavuni kwangu aone nilivyotoka jasho. Akanipapasa, polepole. "Una joto," alisema. "Sikujua kama huko mna joto."

Ndipo nikaelewa. Mtoto wa kike ambaye mama yake ni mgonjwa na haji, kwa mama yangu jambo hilo lilikuwa na maana moja tu: amekufa. Alikuwa amenililia peke yake, na kumaliza. Nilimwambia mimi ni mzima. Nilimwonyesha tope la njiani, nilicheka, nilifoka. Kaka yangu akaja akasema, "Mama, huyu ni mzima, ndiye mwenyewe." Mama alimtabasamia kama anavyotabasamiwa mtoto anayesema uongo wa huruma.

Kesho yake mume wangu akaja na mzigo wangu. Alikuwa amevuka malisho yale, sijui kwa gharama gani ya moyo wake. Mkwe haingii chumbani kwa mkwewe, akabaki nje ya dirisha, na mama hakujua kwamba yupo. "Mumeo ni mtu mwema," mama aliniambia. "Kila mara alikuja na ndizi na salamu zako. Nikazipokea. Sikutaka ajue kwamba ninajua, maskini, asije akaumia zaidi." Nikasikia mzigo ukiwekwa chini. Kisha nikamsikia akilia, kwa sauti, na sikwenda kwake.

Mama aliishi kidogo baada ya hapo. Nilimwogesha, nilimlisha uji, na kila siku nilibishana naye, maana nilikuwa nimevuka yale yote ili anione nikiwa hai, na nilikitaka hicho kimoja tu. Hakubishana. Alinisikiliza kwa adabu, kama mgeni. Asubuhi moja, nikiwa namgeuza upande, aliniuliza baba yangu anaendeleaje. Baba alikuwa amekufa mimi nikiwa bado kigoli. Nilifungua mdomo nianze tena kueleza. Nikamtazama jinsi anavyongoja jibu, macho yanamng'aa.

Nikamwambia baba hajambo.